Kwadi inayogoma asubuhi: hitilafu unayoweza kuijaribu mara moja tu kwa siku

Leo tuweke PHP kando kidogo. Mwezi wa saba nilikuwa Kinangop kwa shangazi yangu kwa wiki mbili, na kazi niliyoifanya kule kwa bidii kuliko zote haikuhusu tarakilishi. Nilikuwa natafuta kwa nini kwadi yake inakataa kuwaka asubuhi kukiwa na baridi, ilhali ikishawaka mara moja inawaka siku nzima kwa kugusa kitufe tu. Naandika kwa sababu najua wapo wengine wenye mashine za namna hii ambao mpaka leo wananunua kabureta baada ya kabureta. Halafu hitilafu yenyewe ina sura ambayo kila mwandishi wa programu ataitambua: inajitokeza mara moja tu kwa siku, na ukishaijaribu, umeiharibu.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, kwadi ni ile pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene. Wengi tumeiona ikibeba watalii. Hii ya shangazi ni ya Kijapani, ya mwaka 2003, silinda moja, injini ya kupozwa kwa hewa, kabureta, stata ya umeme. Aliinunua ikiwa imetumika, kutoka shamba la maua kule Naivasha, na haijawahi kubeba mtalii. Ng'ombe hukamwa saa kumi na nusu alfajiri, lita sitini hivi huingia kwenye mitungi miwili, na mitungi hiyo inatakiwa ifike kituo cha maziwa kabla ya saa moja na nusu, kwa sababu lori halisubiri mtu. Kutoka shambani hadi lami ni kilomita nne za udongo mzito ambao mvua ikinyesha hata mwana-bodaboda jasiri husema, "Mama, leo hapana." Kwadi inapita. Isipowaka, maziwa yanakaa mpaka jioni, na jioni yakipimwa kwa spiriti pale kituoni yanaganda ndani ya kichupa na unarudi nayo nyumbani. Mwezi wa sita pekee alirudishiwa mara tatu. Ng'ombe wamekula, mfanyakazi anadai mshahara, karo ya binti inangoja, na mashine iko pale imenyamaza.

Nilipofika nilikuta mambo mengi yameshafanywa. Kabureta ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa mara tatu, na mara ya nne ikabadilishwa kabisa. Plagi mpya. Betri mpya. Haya mawili ya mwisho yalifanywa siku moja na ile kabureta mpya, na hakuna aliyeandika popote kilichotokea kesho yake. Huku kwetu kwenye programu ni sawa na mtu kupeleka mabadiliko matatu kwa pamoja kwenye seva, kisha kuuliza ni lipi lililosaidia. Nilianza kwa kuuliza swali moja tu: ikikataa, nyinyi hufanya nini?

Kijana anayepeleka maziwa akanijibu kwamba humwagia injini birika la maji ya moto. "Ikishapata joto, inawaka," akasema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa.

Nikaandika hilo kwenye daftari na nikalizungushia mstari. Tutarudi kwake.

Sasa kuhusu bei ya jaribio. Kwenye programu tumezoea kujaribu kitu mara mia kwa saa. Ukiwa na mabadiliko elfu moja na hujui lipi limeleta kasoro, amri ya bisect ya Git hugawanya nusu kwa nusu na ndani ya majaribio kumi hivi umeshika mkosaji. Kwa injini baridi hali ni tofauti. Ukipiga stata, chumba cha silinda kinalowa petroli, betri inapungua, na ikiwaka hata kwa nusu dakika, basi ule ubaridi umekwisha. Itakubidi usubiri usiku mzima upite. Yaani kila jaribio linagharimu usiku mmoja, na kwa shangazi huenda likagharimu lita sitini. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni mbili. Jambo moja tu kwa asubuhi moja, na matokeo yanaandikwa kabla ya chai. Ya pili ndiyo muhimu zaidi: chochote kinachoweza kupimwa mchana kipimwe mchana. Asubuhi ni ghali mno kuitumia kwa kuangalia kama kichungio cha hewa ni kichafu.

Ili injini ya petroli iwake inahitaji mafuta yaliyogeuka mvuke, hewa, cheche kwa wakati wake, na kompresheni. Fundi yeyote wa jua kali atakutajia haya akiwa amelala. Swali letu lilikuwa finyu zaidi: ni kipi kati ya haya kinachoharibika kwa baridi na kujiponya kwa joto?

Washukiwa walikuwa wengi. Petroli yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vingi, na ni zile sehemu zake nyepesi tu zinazogeuka mvuke kwenye baridi. Petroli iliyokaa miezi kwenye mtungi usiofungwa vizuri hupoteza hizo nyepesi kwanza. Inanuka petroli, inawaka ukiiwashia kiberiti, lakini asubuhi ya nyuzi tano haisaidii. Kibaya zaidi ni petroli iliyotiwa mafuta taa. Tatizo la kuchanganya mafuta taa na mafuta mengine lilikuwa kubwa Kenya hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuua faida ya mchezo huo. Na shangazi hununua petroli kwa mtungi, si moja kwa moja kutoka kwenye pampu.

Hili halikuhitaji baridi, kwa hiyo tulilimaliza mchana. Tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, na kando yake tone la petroli niliyotoa kwenye gari langu. Petroli safi hukauka upesi na haiachi alama ya maana. Mafuta taa huacha doa la mafuta linalokaa. Matone yote mawili yalikauka sawasawa. Si kipimo cha maabara, lakini kilitosha kumsogeza mshukiwa huyu hadi mwisho wa foleni.

Oili nayo. Ndani ya injini mlikuwa na oili ya 20W-50, ileile wanayoweka kwenye magari makuukuu, wakati kitabu cha mashine kinataka 10W-40. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayohusu baridi. Ikiwa kubwa, oili ni nzito asubuhi na stata inazungusha injini polepole. Nilitamani sana kuibadilisha papo hapo. Nikaiacha, kwa kanuni ya jambo moja kwa asubuhi moja. Niliandika tu: "oili nzito, bado haijabadilishwa."

Asubuhi ya kwanza sikubadilisha chochote. Kipimajoto cha jikoni kilisema nyuzi 5. Betri ikiwa imetulia ilikuwa volti 12.6, na stata ikizunguka ilishuka hadi 10.6, ambayo ni sawa. Ningeona chini ya 10 ningeanza kushuku umeme. Choki imevutwa yote, kibonyezo cha mafuta hakiguswi. (Hili la mwisho wengi hawalijui. Kwenye kabureta nyingi za kwadi choki si kile kibati cha kufunga hewa tulichozoea, ni njia ndogo ya pembeni inayomimina petroli ya ziada, na inategemea mvuto wa injini ukiwa umeachia mafuta. Ukibonyeza mafuta kwa hasira, mvuto unaisha na choki inakuwa pambo tu. Mchunguze jirani yako asubuhi, utaona anavyobonyeza.) Sekunde tano za stata, pumziko, sekunde tano, pumziko, mara sita. Kimya. Hata kukohoa haikukohoa.

Nikafungua plagi mara moja. Hapa ndipo jaribio moja linapogawanya shamba lote katikati: plagi ni kavu au imelowa? Ikiwa kavu, petroli haifiki, na una haki ya kuilaumu kabureta. Ikiwa imelowa, petroli imefika, tatizo liko kwenye cheche, kwenye kompresheni, au petroli imezidi.

Ilikuwa imelowa. Ikigusishwa kwenye chuma cha injini ilitoa cheche nzuri ya buluu. (Tahadhari: cheche ya hewani haithibitishi yote, kwa sababu ndani ya silinda yenye mgandamizo umeme hupata kazi zaidi kuruka lile pengo. Na usifanye hivi karibu na tundu la plagi linalotoa mvuke wa petroli, usije ukapoteza nyusi.)

Kwa hiyo siku ya kwanza tu, ile kabureta iliyooshwa mara tatu na kununuliwa mpya mara moja ilitoka kwenye nafasi ya mshukiwa mkuu. Sisi tuna msemo kwamba kosa likiwa kwenye mtandao, basi ni DNS. Mafundi wa pikipiki nao wana kabureta. Inalaumiwa kwa sababu inafunguka kwa urahisi, na kwa sababu mara nyingi kweli ni yenyewe. Lakini plagi iliyolowa ni ushahidi, na ushahidi hauangalii desturi.

Lilibaki la petroli kuzidi. Naivasha ziwa liko kama mita 1,880 juu ya bahari, na kwa shangazi ni kama mita 2,500, ambako shinikizo la hewa ni takriban robo tatu ya lile la Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, kabureta isiyorekebishwa inatoa petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Baridi kwa upande wake inafanya kinyume, kwa kuwa sehemu kubwa ya petroli hubaki matone bila kuwa mvuke. Nguvu mbili zinavutana, na ukikaa mezani na kalamu unaweza kuthibitisha lolote upendalo. Mimi nina mashaka na maelezo ambayo yanaweza kuthibitisha lolote. Nikarudi kwenye lile birika la maji ya moto.

Maji ya moto yanamwagwa juu ya injini yote. Yanapasha kabureta, na yanapasha silinda. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ikiwa dawa ni joto la kabureta, tatizo ni petroli kugeuka mvuke. Ikiwa dawa ni joto la silinda, kuna kitu ndani ya injini kinachobadilika kwa joto. Hilo birika lilikuwa linafanya mabadiliko mawili kwa wakati mmoja, na kilichohitajika ni kuyatenganisha. Tena si vizuri kummwagia maji ya moto namna ile huyo maskini wa aluminiamu kila asubuhi, kwa hiyo tulitumia taulo.

Asubuhi ya pili: nyuzi 6, taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, limezungushwa kwenye kabureta peke yake kwa dakika tano. Kabureta ilikuwa ya uvuguvugu ukiigusa. Mara sita za stata. Kimya kilekile.

Asubuhi ya tatu: nyuzi 5, taulo hilohilo, dakika tano hizohizo, ila sasa kwenye mapezi ya silinda, na kabureta ikiachwa baridi kama barafu. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikawaka.

Kijana wa maziwa alifurahi kwa sababu angewahi lori. Mimi nilifurahi kwa sababu zile asubuhi mbili zilikuwa zimetuambia zaidi ya miezi yote ya nyuma.

Jioni ile nilimpigia simu fundi mmoja wa pikipiki anayefanya kazi mjini Engineer (ndiyo, Nyandarua kuna mji unaitwa Engineer, na ndiyo, nimeshasikia mizaha yote). Nikamweleza habari za plagi iliyolowa na taulo. Hakunisikiliza mpaka mwisho. "Boss, hiyo ni ya pushirodi ama ya cheni?" Nikamwambia ni ya pushirodi. "Basi cheki tapeti. Hizi zetu zote ni hivyo. Zikianza kusumbua asubuhi, ni tapeti imekaza."

Nataka msomaji aelewe huyu bwana alijuaje. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya sentimita 250 za ujazo, na barabara zetu zikajaa bodaboda. Nyingi kati ya zile za Kichina zina injini iliyoigwa kutoka kwa Honda CG125, ambayo ilitoka mwaka 1976 na inatumia pushirodi. Fundi wa Nyandarua amefungua mamia ya injini za ukoo mmoja, zote zikiamka kwenye baridi ya Kinangop. Hiyo ni data ambayo mimi na daftari langu la siku tatu hatuna. Lakini kumbuka pia kwamba kabla ya taulo, jibu alilopewa shangazi na kila mtu lilikuwa kabureta. Fundi mzuri hujibu swali aliloulizwa, na "haiwaki asubuhi" ni swali pana mno.

Wacha nieleze kwa nini tapeti, maana hapa ndipo penye utamu. Ndani ya injini hii, kamshafti iko chini. Inasukuma fimbo ndefu mbili za chuma, ndizo pushirodi, zinazopanda hadi juu na kuinua roka, nayo roka inafungua vali. Kati ya roka na vali lazima pawe na pengo dogo, ambalo mafundi huliita tapeti. Kitabu cha mashine hii kinataka milimita 0.15 kwa vali zote mbili, ikipimwa injini ikiwa baridi. Pengo likiisha kabisa, roka inaikalia vali muda wote na vali haifungi vizuri. Kompresheni inavuja.

Sasa silinda na kichwa chake ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kama mara mbili ya chuma. Injini ikipata moto, silinda inarefuka kuliko zile fimbo, roka inainuliwa mbali na vali, na pengo linaongezeka. Vali nayo hurefuka kwa joto na kula sehemu ya pengo hilo, lakini kwenye injini hii silinda ndiyo iliyoshinda. Nilipima baadaye ikiwa moto na pengo lilikuwa kubwa kuliko asubuhi. Kwa hiyo vali iliyokabwa asubuhi inaachiwa mchana. Mashine inajitibu yenyewe, halafu inarudi kuugua usiku. Na ikishawaka haizimi ovyo, kwa sababu injini ikizunguka kwa kasi ule uvujaji unakosa muda; ni pale stata inapozungusha polepole ndipo hewa inapata nafasi ya kutoroka.

Nilitaka namba kabla ya kufungua chochote. Asubuhi ya nne niliazima geji ya kompresheni na kuifunga kwenye tundu la plagi. Kumbuka namba pekee inaweza kukudanganya: kwenye mwinuko huu itakuwa chini kuliko ya kitabuni, na injini nyingine zina kifaa cha kupunguza kompresheni makusudi wakati wa kuwasha. Linganisha mashine na yenyewe. Ikiwa baridi, geji ilisema 60 psi. Nikatia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Oili huziba kwa muda nafasi ya ringi za pistoni. Ringi zikiwa zimekufa, namba inapanda sana. Ilifika 65. Si ringi. Kisha kijana akaiwasha kwa taulo, akaenda na maziwa, na aliporudi ikiwa moto tukapima tena: 110.

Kutoka 60 hadi 110 kwa joto tu. Siku hiyo sikuhitaji tena kumshawishi mtu.

Asubuhi ya tano tukafungua. Kazi yenyewe si kubwa, na ni lazima ifanywe baridi. Unatoa plagi ili injini izunguke kirahisi, unafungua vifuniko viwili vya vali, kisha unazungusha injini mpaka alama ya T kwenye gurudumu la ndani ilingane na alama ya kwenye kifuniko. Alama hiyo hulingana mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, na moja tu ndiyo sahihi: ile ambayo vali zote mbili zimefungwa. Kawaida unaijua kwa kutikisa roka zote mbili kwa kidole, zinatakiwa kucheza kidogo. Shida yetu ni kwamba moja haikuwa na mchezo wowote, kwa hiyo tulifuatilia vali ya kuingiza: ukiiona imefunguka na kujifunga, alama inayofuata ndiyo yenyewe.

Vali ya kuingiza, fila geji ya 0.05 ilipita kwa shida. Vali ya kutoa moshi haikupitisha hata kile kibamba chembamba kuliko vyote. Sifuri.

Watu wengi, na mafundi wakiwemo, hudhani uchakavu unaongeza mapengo. Vitu vikilika vinalegea, si ndivyo? Kwenye vali mara nyingi ni kinyume. Vali hugonga kiti chake mamilioni ya mara, taratibu inazama ndani ya kiti, na mkia wake unapanda juu kuelekea roka. Pengo linapungua. Tapeti yenye pengo kubwa hupiga kelele, tiki tiki tiki, na kila mtu analalamika. Tapeti iliyokaza haina kelele hata kidogo. Shangazi mwenyewe alikumbuka kwamba mashine ilipotoka Naivasha ilikuwa na kelele kidogo upande wa juu, halafu kelele ikaisha yenyewe, na wakashukuru. Waliowahi kusimamia seva wanaijua furaha hii ya faili la kumbukumbu ambalo limeacha kuandika makosa kwa sababu limeacha kuandika kabisa.

Tukaweka 0.15 kote, nati ikakazwa huku skrubu imeshikwa isizunguke, tukapima tena baada ya kukaza (hapa ndipo pengo hupenda kuhama), tukarudisha vifuniko. Bado ilikuwa nyuzi 7 na injini haijawaka tangu jana. Geji ya kompresheni: 105. Plagi ikarudi, choki juu, mikono mbali na mafuta. Stata ya kwanza ilizunguka kama sekunde mbili na injini ikawaka bila taulo.

Sikubadilisha oili siku hiyo wala siku iliyofuata. Nilitaka asubuhi tatu mfululizo zenye badiliko moja tu. Zote tatu iliwaka, kwa nyuzi 6, 4 na 5. Baada ya hapo ndipo tukaweka 10W-40, na stata ikawa nyepesi zaidi, jambo ambalo ni zuri ila lisingeitibu.

Kuna wanaotumia ile dawa ya kupuliza yenye itha. Shangazi aliwahi kuuziwa kopo. Inawasha, sikatai, kwa sababu itha hushika moto kirahisi hata pale ambapo kompresheni ni hafifu. Lakini kwa tatizo hili ni sawa na kuweka ratiba ya kuzima na kuwasha seva kila usiku wa manane ili mteja asione kwamba kumbukumbu inavuja. Na vali ya kutoa moshi isiyofunga haibaki vilevile. Inapoa kwa kukaa kwenye kiti chake; isipokaa, inaungua ukingo, na siku hiyo hakuna tapeti itakayokusaidia, ni kushusha kichwa kizima cha injini. Ndiyo maana sikutaka shangazi aendelee na birika mwaka mwingine.

Swali lililobaki ni kama kiti cha vali kinazidi kulika. Hilo halijibiwi kwa asubuhi moja. Kijana wa maziwa ana daftari sasa, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, lenye safu tatu: tarehe, nyuzi, mara ngapi stata. Na mimi namsumbua kwa simu kila mwisho wa mwezi apime tapeti. Mwezi wa nane vali ya kutoa moshi ilikuwa 0.15. Mwezi wa tisa ilikuwa kati ya 0.12 na 0.15, kibamba cha 0.12 kinapita huru na cha 0.15 kinakwaruza. Mwezi wa kumi ni vivyo hivyo. Ikifika 0.10 kabla ya Krismasi tutaifungua juu na kumpelekea yule bwana wa Engineer akisage kiti, na shangazi ameshaanza kuweka pesa kando kwenye mkebe wa chumvi.